Sikio la Bikizee: Nilivyojifunza Kuchagua Riwaya za Fantasia

Kusubiri matokeo ya kidato cha nne kunachosha kuliko mtihani wenyewe. Unamaliza Novemba, matokeo yanatoka Januari, na hata ukifaulu, kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Wenzangu wengine walikwenda kujifunza kompyuta, wengine ushonaji. Mimi nilikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kumsaidia mama biashara ya dagaa, na huko huko kati ya magunia nikasoma riwaya za fantasia, zile za uchawi, majoka na nchi za kubuni, mpaka mama akawa anawaulizia wahusika kwa majina.

Sasa mdogo wangu yuko kidato cha pili, na yeye na rafiki zake kila wiki wananiuliza waanze na kitabu gani. Nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Nianze na muda, maana watu hawaamini kwamba anayefanya kazi ya dagaa anaweza kusoma. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaijali taa, mitumbwi inapumzika, na sisi wa nchi kavu tunapumzika pia. Mbalamwezi ndiyo ilikuwa likizo yangu. Kama kazi ya kwenu ina majira yake, yafahamu kabla hujafungua kitabu cha kurasa 500. Ukikiacha katikati kwa wiki mbili, ukirudi hujui tena nani mtoto wa nani, na fantasia zina ukoo mrefu kuliko msiba wa mzee maarufu.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwa wauzaji wa mtumba, wale wanaotandaza chini mjini. Bei ni maelewano. Nililipa kuanzia elfu tatu hadi elfu nane, na mara nyingi kinachopandisha bei ni unene, kana kwamba hadithi inauzwa kwa kilo. Lakini bei si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba fantasia nyingi huandikwa kwa mfululizo, na mtumba hauji kwa mfululizo. Unakuta cha tatu peke yake, cha kwanza sijui kilibaki Uingereza au kilifungiwa maandazi. Binamu yangu alinunua kitabu cha tano cha Harry Potter kwa sababu ndicho kinene kuliko vyote saba, akaona amemzidi muuzaji akili. Hakufika mbali, kwa sasa kinazuia mlango usijifunge.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fungua kurasa za mwanzo kabisa. Mara nyingi kuna orodha ya vitabu vya mwandishi huyo kwa mpangilio, na hapo utajua ulichoshika ni cha ngapi. Kisha nenda mwisho uhakikishe kurasa zipo. Kisha kipanue katikati, maana gundi ikishakauka kurasa hudondoka moja moja kama manyoya ya kuku. Mimi nilinunua kimoja ambacho sura mbili za mwisho hazikuwemo; muuzaji aliponiona narudi akaanza kumhudumia mteja wa pembeni yangu.

Kuna pia mafaili yanayozunguka kwenye magrupu ya simu. Hayalipi mwandishi hata senti, na kwa anayejali macho yake ni mateso: kurasa zimepinda, herufi ndogo, bando linakwisha, na umeme ukikatika hadithi nayo imekatika. Maktaba ya Mkoa ni bora kuliko hayo, ingawa fantasia mpya usitegemee kuzikuta nyingi.

Halafu Kiingereza. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wanakwama kwa sababu ya kamusi. Ukisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja unachukua nusu saa na hadithi inakufa mikononi mwako. Nilichogundua ni kwamba kwenye fantasia maneno mengi yanayokutisha yamebuniwa na mwandishi mwenyewe. Majina ya wanyama, ya vyeo, ya silaha, ya milima. Hayamo kwenye kamusi yoyote, na mtoto wa London hayajui kama wewe usivyoyajua. Mwandishi anafahamu hilo, kwa hiyo huyaeleza taratibu kadiri unavyosonga. Vumilia sura tatu. Neno likijirudia na bado linakuzuia kuelewa, litafute sura ikiisha. Na uwe na karatasi ya kuandika majina ya watu, uitumie kama alama ya ukurasa.

Njia nyingine iliyonisaidia ni kusimulia. Kila jioni, kabla ya kufunga turubai, nilimsimulia mama na wenzake nilichosoma, kwa Kiswahili changu. Nikishindwa kukisimulia, basi sikukielewa, narudia. Na wale akina mama hawana adabu ya wahakiki. Hadithi ikiwa tamu wanasema "enhe, ikawaje?" Ikiwa mbovu, mmoja anauliza bei ya gunia imefika ngapi.

Ilikuwa katika simulizi hizo mama alinikumbusha hadithi ya bibi, na hiyo ikawa kipimo changu cha kila kitabu tangu siku hiyo.

Wasukuma wote wanaijua. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, mbona tuko wawili tu? Mama yake akamweleza. Basi akaingia porini kulisaka. Anaua panzi, anamletea mama: ndilo hili? Hapana mwanangu. Anaua ndege, ndilo hili? Hapana. Anaua swala. Hapana. Mpaka siku akalipata lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima, na ng'ombe, na mbuzi, na baba yake. Kwa jinsi bibi anavyosimulia, hapo ngoma zinalia na watoto tunataka kushangilia, naye ananyoosha kidole: ngojeni. Kile kisu kilipopasua tumbo kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bikizee ametoka anavuja damu, amekasirika, na anatafuta namna ya kumloga huyo huyo aliyemwokoa.

Nilipokuwa mdogo kipande hicho kilinikera. Mbona bikizee hana shukrani? Siku hizi naona ndicho kipande kinachoitofautisha hadithi hii na nyingine mia za kuua dubwana. Shujaa ameshinda kweli, na kuna mtu hana sikio. Kwa hiyo kila nikifungua fantasia naangalia: bikizee yuko wapi? Nani amekatwa wakati wengine wanashangilia, na je, mwandishi amemwona?

Tuanze na Harry Potter, kwa kuwa ndicho kila mtu anachokijua. Cha kwanza kilitoka 1997, cha mwisho 2007, na kwa anayeanza kusoma Kiingereza kirefu cha kwanza kinafaa sana, ni chembamba na sentensi zake hazina mitego. Harry anasoma shule ya bweni ya wachawi, na mtu aliyesoma bweni ataipenda mara mbili: mabweni yanayogombea pointi, walimu wenye vipenzi vyao, kutoroka usiku. Tofauti kubwa ni chakula. Kwao kinatokea chenyewe mezani. Nilisoma hapo nikakumbuka maharage yetu yenye wadudu nikafunga kitabu kidogo nipumue. Lakini subiri kitabu cha nne. Hermione, rafiki wa Harry, anagundua kwamba chakula hicho hakijitokezi, kinapikwa na vibwengo watumwa walioko jikoni chini, wasiolipwa. Anaanzisha chama cha kuwatetea, na rafiki zake wanamcheka. Mwandishi J.K. Rowling naye, kwa maoni yangu, anamcheka kidogo. Nilipowasimulia pale Mwaloni, mama mmoja aliyewahi kuwa dada wa kazi mjini hakucheka. Alisema, "Huyo msichana yuko sahihi, wengine wote waliobaki wanakula tu." Bikizee yumo kwenye kitabu, ila amewekwa awe kichekesho. Hilo limenipunguzia mapenzi na mfululizo mzima, na najua nitapigwa mawe kwa kusema hivyo.

Eragon ya Christopher Paolini niliichukua kwa sababu niliambiwa aliianza akiwa na miaka 15. Inaonekana. Kijana wa shamba anaokota yai, linatoka joka, wanasafiri, wanakula, wanalala, wanasafiri tena. Mdogo wangu anaipenda kupita kiasi na hatuzungumzi tena kuhusu hilo. Lakini ina mambo mawili mazuri. La kwanza, uchawi wake unakula nguvu za mwili: ukiinua jiwe kwa maneno unachoka sawasawa na aliyeinua kwa mikono, na ukijaribu kubwa kuliko uwezo wako unakufa. La pili lilinifaa mimi ninayehangaika na sarufi ya lugha ya watu. Eragon anambariki mtoto mchanga kwa lugha ya kale asiyoijua vizuri, kila mtu anafurahi, na katika kitabu cha pili anaambiwa kwamba alikosea sarufi, baraka ikawa laana, na mtoto yule sasa anaishi akibeba maumivu ya kila aliye karibu naye. Hilo ni sikio kabisa. Kwa ajili ya kipande hicho nikamsamehe zile safari.

Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa Children of Blood and Bone mwaka 2018. Hiki nilikisoma haraka kuliko vyote kwa sababu mwanzoni kabisa Zélie, msichana shujaa wa kitabu, anakwenda sokoni Lagos kuuza samaki wa thamani ili familia ilipe kodi, na namna anavyopatana bei, nilijua huyu mwandishi amewahi kusimama sokoni au amesimuliwa na aliyesimama. Akina mama walikisikiliza kwa kelele. Walitaka kujua samaki ana kilo ngapi. Kila sura ina jina la anayesimulia juu yake, litazame, maana wako watatu na ukiruka jina utachanganyikiwa. Mfalme ameua wenye uchawi, mama yake Zélie akiwemo, na kitabu hakikuachi usahau waliouawa. Kinachoniudhi ni mapenzi. Zélie na mtoto wa mfalme aliyetumwa kumwinda wanapendana kwa kasi ambayo hata kwenye filamu ningelalamika. Jana anataka kumuua, leo anamshika mkono. Ruka hapo, hutapoteza kitu.

Sasa nifike kwenye kitabu kilicholeta ugomvi nyumbani.

Nnedi Okorafor aliandika Akata Witch, kilitoka 2011. Mama hasomi Kiingereza sana ila hilo neno la pili la kwenye jalada analijua, na kitabu alikikuta juu ya kitanda changu. Aliniita jina langu lote la ubatizo. Ninyi mlioko mbali mnaweza kusema mama mshamba, haelewi hadithi za kubuni. Hapana. Mama amekulia Kanda ya Ziwa. Kwetu uchawi haukai kwenye rafu ya vitabu. Bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu wamepika miaka yote kwenye moshi wa kuni na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu mganga fulani amemdanganya mtu kwamba kiungo kitamletea samaki au dhahabu. Nchi ina Sheria ya Uchawi tangu 1928 na mauaji yakaja juu yake. Mtu aliyeona hayo akimkuta binti yake na kitabu cha namna hiyo ana haki ya kuuliza.

Sikubishana. Nilimsimulia. Sunny ni msichana wa miaka 12, amezaliwa Marekani, anaishi Aba, Nigeria, ana ualbino, anapenda mpira ila jua linamkatalia kucheza mchana. Anagundua ana nguvu, na katika jamii ya wenye nguvu kama zake, ukijifunza jambo jipya fedha zinadondoka kutoka hewani. Hazipatikani kwa kumkata mtu, zinapatikana kwa kuelewa. Na adui wa kitabu ni nani? Ni mtu anayeteka watoto kwa ajili ya kafara. Mama alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kumbe huyo mwandishi anatujua." Akanirudishia kitabu kwa sharti moja: kisifike Magu kwa bibi. Bibi ana macho mekundu, na jirani akiona kitabu chenye jina hilo kwenye nyumba yake, nani atamweleza kwamba ni cha watoto? Nimelifuata sharti hilo na sioni kama ni la kijinga.

Ushauri wangu kwa mnaoishi na wazazi ni kuwasimulia hadithi kabla hawajaona jalada. Utaratibu huo ukigeuzwa, kazi inakuwa kubwa mara tatu.

Shuleni tulisoma Takadini ya Ben J. Hanson, na karibu kila aliyepita kidato cha nne anamkumbuka Sekai akitoroka usiku na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Ni kitabu kizuri. Lakini Takadini alinifundisha kumhurumia mtu mwenye ualbino, na Sunny alinifanya nimwonee wivu. Sikuwa nimewahi kusoma kitabu kinachofanya hivyo. Nikampa rafiki yangu mwenye ualbino, tuliyesoma darasa moja, yeye akikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Alikipenda, ila alirudi na lalamiko ambalo mimi nisingeliona hata nikikisoma mara kumi. Sunny akishaingia kwenye nguvu zake, jua haliumizi tena. "Kwa hiyo ili awe shujaa ilibidi kwanza apone," alisema. "Mimi jua halijanisamehe, nanunua kofia." Hapo nikaona kwamba kumtafuta bikizee kwenye kitabu si kazi ya mtu mmoja. Kuna masikio ambayo mwenye kukatwa tu ndiye anayeyaona. Tangu siku hiyo kitabu nikikipenda sana nampa mtu asiyefanana na mimi.

Kilicho juu ya vyote kwangu kilikuwa chembamba na cha zamani, A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Muuzaji alinipa kwa elfu tatu kwa sababu jalada limechanika na hakuna anayekitaka. Nchi yote ni visiwa. Watu wanaishi kwa mashua, upepo, samaki na umbea wa bandarini. Mtu wa Ukerewe au Ukara hahitaji kuelezwa. Na wengi wao, akiwemo Ged, kijana anayesomea uchawi na ndiye shujaa wa kitabu, si weupe. Rafiki yake wa karibu ni mweusi. Shuleni wanafunzi wanafundishwa kwamba ukiita mvua hapa, huenda umeleta ukame kwingine, kwa hiyo mchawi mzuri ni yule anayefanya kidogo. Ged hasikii. Kwa ubishi wa kijana anayetaka kuonekana, anamwita mfu, na pamoja naye kinatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule, mzee, anakufa akiuziba ule mlango. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni Ged na kivuli hicho, mara nyingi kwenye mashua, kwanza akikimbia, baadaye akikifuata kivuli mwenyewe. Hakuna vita, hakuna mfalme wa kupinduliwa. Mwisho siusemi. Kiingereza chake ni cha taratibu, kama mzee anayesimulia akitengeneza nyavu, na ndiyo maana nasema kisiwe cha kwanza kwako, kiwe cha tatu au cha nne, ukishazoea.

Na msidhani haya ni mambo ya Kiingereza tu. Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, yenye wajumbe wanaotumwa pande sita hadi mbinguni na ardhini na kurudi kufungwa jela kwa taabu yao. Adili na Nduguze ina majini, na ndugu wawili wanaogeuzwa manyani kwa wivu wao. Ni fantasia, ila kwa kuwa zinakaa kwenye rafu ya fasihi na zina maswali ya mtihani nyuma yake, hakuna kijana anayezichukua kwa raha. Nitakuwa mkweli: Kiswahili chake kilinitoa jasho kuliko Kiingereza cha Le Guin, na hapo kamusi nilihitaji kweli.

Matokeo yalitoka, nimepangiwa shule, naondoka Julai. Vitabu namwachia mdogo wangu, isipokuwa cha Okorafor. Hicho kiko Buhongwa kwa binamu yangu, yule wa kuzuia mlango, ambaye safari hii amesoma mpaka mwisho na anasema hakirudishi mpaka nimtafutie cha pili, Akata Warrior. Wauzaji wote wa mjini nimewauliza hawana. Kimoja alichonionyesha mmoja wao kilikuwa cha tatu, na alitaka elfu kumi.